Okteni na Motokaa za Mashindano

Katika vituo vya petroli, msomaji, pengine umeona namba imeandikwa juu ya pampu: 91, au 93, au 95, na katika nchi nyingine hata 98. Ukiwauliza watu kumi maana ya namba hiyo, tisa kati yao watakujibu bila kusita ya kuwa ni kipimo cha nguvu. Kwamba petroli ya 95 ina nguvu kuliko ya 91, na ile inayotiwa katika motokaa za mashindano inazipita zote. Nimewasikia wanafunzi wangu wakililinda jawabu hilo kwa ukali, mfano wa watu wanaotetea mpaka wa shamba lao. Lakini si kweli. Namba ile, iitwayo namba ya okteni, haisemi lolote juu ya nguvu. Husema habari ya subira: yaani petroli yaweza kubanwa na kupata joto kwa kadiri gani kabla haijawaka yenyewe pasipo kungojea moto wa cheche. Nataka nikueleze jinsi tofauti hiyo ilivyotambuliwa, kwa maana wenye kushindana kwa motokaa waliihitaji kuliko madereva wengine wote, na gharama yake ililipwa hata na watu ambao hawakupata kuona mashindano maishani mwao.

Kwanza sharti tutazame ndani ya injini. Pistoni inaposhuka katika silinda huvuta hewa iliyochanganyika na mvuke wa petroli. Inapopanda huubana mchanganyiko huo, nao hupata joto kwa kule kubanwa, kama pampu ya baiskeli ipatavyo joto unapojaza upepo. Hapo plagi hutoa cheche, na moto huanza mahali pamoja ukaenea hata upande wa pili, kama moto wa nyika unavyotambaa katika majani makavu. Kuenea huko kwa mpango ndiko kunakoisukuma pistoni vizuri. Lakini fikiri hali ya ule mchanganyiko ulio mwisho kabisa, ambao moto haujaufikia. Moto unaokuja wazidi kuubana, na joto lazidi kupanda. Kama petroli haina subira, sehemu hiyo hulipuka yote kwa mara moja. Dereva husikia sauti kali ya ko-ko-ko, kama nyundo ndogo zinazopiga chuma, na mafundi husema kwamba injini inagonga. Ikigonga kidogo katika kupanda mlima, hapana madhara makubwa. Ikigonga kwa muda mrefu katika mwendo wa mashindano, pistoni hutoboka na safari huishia papo hapo.

Utauliza, kwa nini basi wasiubane mchanganyiko kidogo tu, wakastarehe? Kwa sababu injini yenye mbano mkubwa hutoa kazi nyingi zaidi kwa petroli ile ile. Hapo ndipo lilipo fumbo lote. Petroli yenye okteni kubwa haileti nguvu yenyewe, bali humpa fundi ruhusa ya kutengeneza injini inayobana zaidi, na injini hiyo ndiyo inayoleta nguvu. Ukiitia katika injini yenye mbano mdogo, umetupa fedha zako. Ni kweli kwamba motokaa nyingi za siku hizi zina kifaa kinachosikiliza mgongo ule na kuichelewesha cheche kidogo injini inapoanza kugonga. Hizo, kama zimetengenezwa kwa petroli ya okteni kubwa, hupungukiwa na nguvu zikipewa ya chini. Hata hivyo, kuzipa okteni kupita kiasi zilichokusudiwa hakuna faida.

Miongoni mwa watu wa kwanza kuichungua habari hii kwa makini alikuwa Mwingereza, Harry Ricardo, aliyezaliwa London mwaka 1885 na kusoma Cambridge. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alikuwa na karakana yake Shoreham, kando ya bahari ya kusini mwa Uingereza, na huko, pamoja na wataalamu wawili, Henry Tizard na David Pye, aliunda injini ya silinda moja ambayo mbano wake uliweza kubadilishwa huku injini ikizunguka. Kwa injini hiyo alijaribu mafuta ya kila namna. Aliongeza mbano pole pole hata mafuta yakaanza kugonga, akaandika kiasi, kisha akaleta mafuta mengine. Alikuta kwamba petroli za visima mbalimbali, ambazo kwa macho na kwa harufu hazikutofautiana sana, zilitofautiana mno kwa subira. Petroli ya Borneo, iliyokuwa ikidharauliwa kwa sababu ya uzito wake, ilikuwa bora kuliko nyingi zilizosifiwa. Na kitu kimoja kilizipita karibu zote, nacho ni maji ya mafuta yaitwayo toluini. Ricardo akaifanya toluini kuwa kipimo chake: mafuta yoyote aliyapima kwa kuyalinganisha na petroli iliyotiwa kiasi fulani cha toluini. Likumbuke jina hilo, kwa maana tutakutana nalo tena.

Wakati huo huo, upande wa pili wa bahari ya Atlantiki, katika mji wa Dayton, Ohio, kulikuwa na mtu mwingine aliyesumbuliwa na jambo hilo hilo. Charles Kettering alikuwa amevumbua chombo cha kuwashia motokaa kwa umeme, kilichowekwa katika Cadillac za mwaka 1912, na wenye motokaa wakamlaumu kwamba chombo chake ndicho kinachozifanya injini zao zigonge. Mwaka 1916 alimpa kijana mmoja, Thomas Midgley, kazi ya kutafuta sababu. Midgley alikuwa amesomea ufundi wa mitambo, si kemia, na yamkini ndiyo maana hakuogopa kujaribu mambo ambayo mwanakemia angeyacheka. Alidhani kwamba petroli ikitiwa rangi nyekundu itapokea joto mapema na kugeuka mvuke vizuri zaidi. Rangi ikakosekana katika ghala, akatia madini joto, ambayo nayo huipa petroli wekundu. Injini ikaacha kugonga! Baadaye alipopata rangi nyekundu za kweli, hazikufaa kitu. Wazo lake lilikuwa kosa tupu, lakini lilikuwa limemfikisha penye mlango: alijua sasa kwamba kitu kidogo kilichotiwa katika petroli chaweza kuituliza.

Akaendelea miaka mitano, akijaribu kitu baada ya kitu. Baadhi ya dawa zake zilifaa lakini zilinuka vibaya mno. Tarehe 9 Desemba 1921 alijaribu dawa iliyotengenezwa kwa madini ya risasi, iitwayo tetraethili ya risasi. Vijiko vichache tu vilitosha kutuliza pipa zima la petroli. Lakini neno hili lisikupite, msomaji: Midgley mwenyewe alijua kwamba alkoholi nayo huzuia kugonga. Alkoholi, hata hivyo, huhitajiwa kwa wingi, na kila mkulima mwenye miwa au mahindi aweza kuipika. Ile dawa ya risasi ilihitajiwa kidogo tu, na haki ya kuitengeneza na kuiuza ilikuwa mikononi mwa wachache. Ikauzwa mara ya kwanza huko Dayton mwezi wa Februari 1923, ikapewa jina la Ethyl, jina ambalo ndani yake hamna neno risasi.

Mashindano yakafanya kazi ya mpiga mbiu. Mwezi wa Mei mwaka huo huo, katika mbio za maili 500 za Indianapolis, motokaa tatu zilizotangulia kufika zilikuwa zimetumia petroli yenye Ethyl. Watu wengi waliosoma habari hiyo walifahamu jambo moja tu, kwamba petroli hii inashinda; nadhani ndipo lilipopata mizizi lile kosa la kufikiri kwamba mafuta ya washindi yana nguvu ya ajabu ndani yake.

Risasi ni sumu, na jambo hilo halikuwa siri hata nyakati hizo. Midgley mwenyewe aliugua kwa sababu yake mwanzoni mwa mwaka 1923, akaenda Florida kupumzika. Mwezi wa Oktoba 1924, katika kiwanda cha kusafishia mafuta cha Bayway, New Jersey, wafanyakazi walianza kuweweseka na kurukwa na akili; watano wakafa, na wengine wengi wakalazwa. Walikuwapo wengine waliokwisha kufa kabla yao, Dayton na Deepwater. Tarehe 30 Oktoba, Midgley alisimama mbele ya waandishi wa magazeti, akanawa mikono kwa dawa ile, akanusa mvuke wake kwa dakika nzima, ili kuwaonyesha kwamba haidhuru. Mimi siwezi kukisoma kisa hicho bila kuwafikiria wale watano wa Bayway, ambao walikuwa wamezikwa siku chache tu. Mwezi wa Mei 1925 wataalamu walikutana Washington. Alice Hamilton wa Harvard na Yandell Henderson wa Yale walionya waziwazi kwamba sumu hii itaenea polepole katika kila barabara. Biashara ilikuwa imesimamishwa kwa muda. Mwaka 1926 ikaanza tena.

Mwaka huo huo wa 1926 ndipo ilipozaliwa namba tunayoizungumzia. Kila kampuni ilikuwa ikiisifu petroli yake, wala hapakuwa na kipimo ambacho wote walikikubali. Mwanakemia Graham Edgar alichagua vitu viwili safi. Cha kwanza, isooktani, kina subira nyingi; akakipa namba 100. Cha pili, heptani, hugonga mara tu kinapobanwa. Akakipa namba 0. Heptani hiyo ilipatikana katika utomvu wa msonobari mmoja wa milima ya California. Petroli ikigonga sawasawa na mchanganyiko wenye sehemu 90 za isooktani na sehemu 10 za heptani, petroli hiyo huitwa ya okteni 90. Ndiyo maana yake yote. Inayopita 100 hulinganishwa na isooktani iliyoongezwa dawa. Kuna namna mbili za kupima, moja ya upole na moja ya ukali, nazo hutoa namba tofauti kwa petroli ile ile. Sehemu nyingi za ulimwengu huandika namba ya kipimo cha upole, ambayo ni kubwa zaidi. Wamarekani huandika wastani wa zote mbili. Kwa hiyo msafiri asishangae akiona pampu za Marekani zina namba ndogo kuliko za Ulaya.

Wakati wa miaka ya 1930 mafundi wa mashindano hawakuishughulikia sana petroli ya kawaida. Injini zao zilikuwa na pampu ya kusukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda, jambo linaloongeza mbano na joto kupita kiasi, na petroli tupu isingestahimili. Mercedes-Benz W125 ya mwaka 1937, ambayo Rudolf Caracciola aliiendesha akawa bingwa wa Ulaya, ilikunywa mchanganyiko ambao ukiusoma utadhani ni dawa ya mganga: sehemu 40 za methanoli, sehemu 32 za benzoli, sehemu 24 za alkoholi ya kawaida, na sehemu 4 tu za petroli nyepesi. Injini yake ya lita 5.66 ilitoa nguvu ya farasi karibu 600. Sasa jiulize: je, methanoli ina moto mwingi kuliko petroli? La. Kilo moja ya methanoli ina chini ya nusu ya joto lililomo katika kilo moja ya petroli. Fadhila yake ni nyingine. Inapogeuka mvuke hupoza silinda kwa kadiri kubwa, kama jasho linavyoupoza mwili, nayo huvumilia mbano mkali. Mwenye kuitumia hulipa kwa wingi: hana budi kuchoma mara mbili na zaidi.

Malipo hayo yalionekana wazi Silverstone, Uingereza, tarehe 14 Julai 1951. Alfa Romeo 159 ilikuwa na injini ndogo ya lita 1.5 yenye pampu ya hewa, ikitoa nguvu ya farasi zaidi ya 400, na tangu mashindano ya ubingwa wa dunia yaanze mwaka 1950 Alfa ilikuwa haijashindwa katika shindano lolote la ubingwa iliyoingia. Lakini kiu yake ilikuwa ya kutisha: lita moja ya mafuta haikuifikisha hata kilomita moja. Ilibidi ianze mbio ikiwa imebeba shehena ya mafuta, kisha isimame kujazwa tena. Ferrari walikuwa wamechagua njia nyingine, injini kubwa ya lita 4.5 isiyo na pampu ya hewa, yenye nguvu pungufu kidogo lakini yenye kunywa kwa kiasi. Siku hiyo José Froilán González katika Ferrari alimshinda Mwargentina mwenzake, Juan Manuel Fangio, aliyekuwa katika Alfa. Mwisho wa mwaka Fangio ndiye aliyetwaa ubingwa, lakini mafundi wote walikuwa wamekwisha kuelewa kwamba hesabu ya mafuta haikomi katika nguvu ya farasi.

Mwaka 1958 alkoholi ilikatazwa katika mashindano hayo, na wote wakaamriwa kutumia petroli ya ndege, ya jamii ile iliyozipaisha ndege za Spitfire mwaka 1940. Vanwall, motokaa ya Waingereza ambayo injini yake ilikuwa imezoea kupozwa na alkoholi, ilibidi ifanyiwe marekebisho mengi, ikapoteza sehemu ya nguvu zake. Pamoja na hayo ilishinda mara sita mwaka ule na kupata kombe la kwanza la watengenezaji. Huko Indianapolis mambo yalikwenda kinyume. Tarehe 30 Mei 1964 madereva wawili, Eddie Sachs na Dave MacDonald, walikufa katika moto mkubwa wa petroli mbele ya watazamaji. Tangu mwaka uliofuata, kwa miaka takriban 40, methanoli ikatumika huko, kwa kuwa moto wake waweza kuzimwa kwa maji. Nayo ina hila yake: mchana mwali wake hauonekani, hata mtu aweza kuungua ilhali walio karibu naye hawaoni kitu.

Kisa kinachonifurahisha kuliko vyote ni cha mwaka 1988. Kanuni za Formula One ziliruhusu motokaa zenye pampu ya hewa kubeba lita 150 tu za mafuta kwa mbio nzima, na okteni isizidi 102. Wahandisi wa Honda hawakujiuliza wapate wapi okteni kubwa. Walijiuliza ni mafuta gani yatakayoweka joto jingi zaidi katika lita 150. Jawabu likawa toluini, ile ile ya Ricardo, kwa sababu ni nzito, na lita yake moja ina joto jingi kuliko lita ya petroli. Lakini toluini ina subira nyingi mno, ikapita 102. Basi walifanyaje? Waliipunguza kwa kuitia heptani, kile kitu chenye namba 0! Sehemu 84 za toluini, sehemu 16 za heptani, okteni 102 barabara. Na kwa kuwa toluini haigeuki mvuke kwa urahisi, waliyapasha mafuta moto kabla hayajaingia katika injini. Motokaa za McLaren zilizobeba injini hiyo zilishinda mara 15 katika mbio 16 za mwaka ule. Laiti yule mtu wa pampu anayesifu 98 kuliko 95 angejua kwamba mabingwa hao waliishusha okteni kwa makusudi.

Nasi wa Afrika Mashariki tuna somo letu, ambalo wenye mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 katika Kenya, Uganda na Tanganyika, walilijua vyema. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,600, na uzito wa hewa hapo ni karibu sehemu nne tu kwa tano za ule wa Mombasa. Injini huvuta hewa pungufu, mbano hauwi mkali, na petroli iliyotulia Nairobi yaweza kuanza kugonga motokaa iteremkapo pwani kwenye hewa nzito na joto. Fundi aliyeirekebisha cheche kwa hewa ya Limuru, akasahau kwamba njia itapita Mombasa, alikuwa amempa dereva wake tatizo. Motokaa haikubadilika, wala petroli. Mahali ndipo palipobadilika.

Sasa turudi kwenye risasi. Mwaka 1965 Clair Patterson, mwanasayansi wa California aliyekuwa amekwisha kupima umri wa dunia, alionyesha kwamba miili ya watu wa siku zake ilikuwa imejaa risasi kupita sana ile ya watu wa kale. Waganga wakathibitisha kwamba walioumia zaidi ni watoto, kwa maana sumu hiyo huudhuru ubongo unaokua. Marekani iliikataza kabisa katika motokaa za barabarani mwanzoni mwa mwaka 1996, lakini mashindano ya NASCAR yaliendelea nayo hata mwaka 2007. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliafikiana Dakar mwaka 2001, na kufikia Januari 2006 zilikuwa zimeiacha, Kenya ikiwa mojawapo. Motokaa zikaendelea kwenda, na okteni ikapatikana kwa njia nyingine, mojawapo ikiwa ile alkoholi iliyojulikana tangu mwanzo. Nchi ya mwisho ilikuwa Algeria, ambako akiba iliisha mwezi wa Julai 2021. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, Nairobi, liliutangazia ulimwengu habari hiyo tarehe 30 Agosti 2021, ikiwa imebaki miezi mitatu na siku chache tu kutimia miaka 100 tangu Midgley alipotia dawa yake ndani ya injini kule Dayton.